BLIK kwanza, nyingine zifuate: mapitio ya njia za malipo kwa wanunuzi wa Polandi

Duka la mtandaoni linalouza Polandi kwa kadi na PayPal pekee hupoteza wateja kwenye hatua ya mwisho kabisa. Mtu ameshachagua bidhaa, ameandika anwani, ameteua kabati la Paczkomat atakakochukulia kifurushi chake, halafu anafika kwenye malipo na kukuta alama ya BLIK, mfumo wa malipo kwa simu wa benki za Polandi, haipo. Anafunga ukurasa. Hana ugomvi na bei wala bidhaa. Amezoea kulipa kwa tarakimu sita kutoka kwenye simu iliyo mkononi, na haoni kwa nini ainuke kwenda kutafuta kadi.

Kwa hiyo mapitio haya yana upande tangu mwanzo. BLIK inastahili nafasi ya juu, tena ndani ya ukurasa wako mwenyewe. Uhamisho wa papo kwa papo wa benki unashika nafasi ya pili. Kadi na pochi za simu ziwepo bila kelele. Zilizobaki zinategemea unauza nini na kwa nani.

BLIK, na dakika zake mbili

Mfumo huu ulianza kazi Februari 2015 chini ya kampuni ya Polski Standard Płatności, iliyoundwa na benki sita: PKO Bank Polski, mBank, ING Bank Śląski, Bank Millennium, Alior Bank na Bank Zachodni WBK. Nguvu yake inatoka hapo. Mteja hapakui programu mpya wala hafungui akaunti nyingine, kwa sababu BLIK imo tayari ndani ya programu ya benki yake, iwe IKO ya PKO Bank Polski, PeoPay ya Bank Pekao au Moje ING.

Malipo yenyewe huenda hivi. Mteja anafungua programu ya benki, anagusa BLIK na kupata msimbo wa tarakimu sita unaodumu dakika 2. Anauandika dukani. Simu inamwonyesha jina la muuzaji na kiasi, naye anathibitisha kwa namba ya siri, kidole au uso. Muuzaji hajaona namba ya kadi wala namba ya akaunti, kwa hiyo hana cha kuvujisha.

Kuna namna mbili za kuiweka. Ya kwanza ni rahisi kwa muuzaji: mteja anabonyeza BLIK, anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, yaani ile inayoliunganisha duka na benki, anaandika msimbo huko, kisha anarudishwa. Ya pili huweka kisanduku cha msimbo kwenye ukurasa wako wa malipo, na mteja haondoki dukani. Chagua ya pili kila inapowezekana. Ukurasa wa kigeni unaofunguka katikati ya malipo humtia mtu shaka, na kila kuhama kwa ukurasa kunakula sekunde za zile dakika mbili.

Kisanduku chenyewe kinataka uangalifu kuliko kinavyoonekana. Mtu akinakili msimbo kutoka kwenye programu ya benki, huenda ukaja na nafasi katikati, kwa mfano 482 019. Kisanduku kinachokubali herufi sita tu kitaikata tarakimu ya mwisho, na mteja ataambiwa msimbo si sahihi ilhali ameunakili vizuri. Ruhusu nafasi, kisha iondoe mwenyewe kabla ya kutuma. Kibodi ya simu ifunguke kwenye tarakimu. Ukigawa visanduku sita vidogo, hakikisha kubandika msimbo mzima kwenye cha kwanza kunavijaza vyote. Maduka mengi yamekosea hapo, na tarakimu moja tu ndiyo inayoingia.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye simu. Mteja yumo dukani kupitia kivinjari cha simu, anakwenda kwenye programu ya benki kuchukua msimbo, anarudi, na kivinjari kimepakia ukurasa upya. Kikapu kipo lakini fomu ya anwani ni tupu, au chaguo la BLIK limeruka likarudi kwenye kadi. Wakati anajaza tena, msimbo umekufa. Dawa ni kuhifadhi kila alichoandika mara anapokiandika, na kukumbuka njia ya malipo aliyoichagua.

Baada ya msimbo kutumwa, onyesha ukurasa wa kusubiri wenye maneno yaliyo wazi: „Potwierdź płatność w aplikacji banku”, yaani thibitisha malipo kwenye programu ya benki. Seva yako iulize hali ya malipo kila sekunde mbili au tatu, na ukurasa ubadilike wenyewe. Usimwachie mteja duara linalozunguka bila maneno. Wengine hawajui kwamba kuandika msimbo ni nusu ya kazi, wanakaa wakitazama duka huku simu ikiwaomba ruhusa.

Malipo yakikataliwa, sema sababu. Msimbo uliopitwa na wakati, msimbo uliokosewa, mteja aliyekataa mwenyewe, muda wa kuthibitisha uliokwisha, salio lisilotosha, na kikomo cha siku alichojiwekea kwenye programu ya benki ni mambo sita tofauti, na kila moja lina dawa yake. „Kod BLIK wygasł. Wygeneruj nowy kod”, yaani msimbo wa BLIK umekwisha muda, tengeneza mpya, humfanya mtu ajaribu tena papo hapo. Ujumbe wa jumla kwamba kuna hitilafu humfanya aondoke. Mwenye kikomo kidogo anahitaji kuambiwa akipandishe kwenye programu ya benki, au achague uhamisho wa benki.

Halafu kuna jina la muuzaji. Wapolandi wameonywa sana kuhusu matapeli wanaoteka akaunti za mitandao ya kijamii na kuwaomba marafiki wa mwenye akaunti msimbo wa BLIK, kwa hiyo wanasoma kile simu inachowaonyesha kabla ya kuthibitisha. Duka likiwa na jina lake, na simu ikionyesha jina la kampuni mama lisilofanana nalo hata kidogo, baadhi watakataa, na wana haki. Omba jina la duka liwekwe wakati wa kusajili akaunti, kisha lihakiki kwa malipo halisi.

BLIK ina pia malipo ya mguso mmoja. Mara ya kwanza mteja anatoa msimbo na kukubali kukumbukwa na duka. Mara zinazofuata haandiki chochote, anathibitisha tu kwenye simu. Kwa duka lenye wateja wanaorudi, faida yake ni kubwa kuliko punguzo la bei. Mtego upo mmoja: mteja anaweza kuwa ameliunganisha duka lako na programu za benki mbili. Hapo mfumo hukurudishia orodha ya programu hizo ili umwulize alipe na ipi. Muunganisho usioshughulikia jibu hilo huliona kama kosa la kawaida, na mteja wako mwaminifu kabisa ndiye anayeshindwa kulipa.

Uhamisho wa papo kwa papo

Kabla ya BLIK, Polandi ilikuwa na malipo ya kiungo cha benki, na bado yanatumika sana, hasa na watu wazima na wanaonunua kwa kompyuta. Mteja anachagua nembo ya benki yake, anaingia kwenye akaunti, anakuta fomu ya uhamisho imeshajazwa kiasi, mpokeaji na maelezo, anathibitisha, anarudi dukani.

Malipo haya huonekana mara moja kwa sababu kampuni ya malipo ina akaunti kwenye benki mbalimbali. Mteja wa mBank analipa kwenye akaunti ya kampuni hiyo iliyomo mBank, hivyo fedha haitoki nje ya benki. Uhamisho wa kawaida kati ya benki mbili hupita kwenye mfumo wa Elixir, ambao hufanya vikao vitatu kwa siku za kazi. Anayelipa kwa njia hiyo Ijumaa jioni ataonekana Jumatatu. Ndiyo maana kuandika tu namba ya akaunti kwenye ukurasa wa malipo ni huduma duni: mteja anakosea maelezo ya malipo, anasahau namba ya agizo, na mtu wa uhasibu anashinda akilinganisha majina.

Udhaifu wa kiungo cha benki ni matengenezo. Benki nyingine hufunga huduma kwa muda usiku au mwisho wa wiki, na nembo yake lazima itoweke au ififie kwenye orodha. Ukichora orodha ya benki mwenyewe, iombe kwa kampuni ya malipo kila mara badala ya kuihifadhi. Orodha iliyohifadhiwa humpeleka mteja kwenye mlango uliofungwa.

Kadi, lipa baadaye, na kulipa wakati wa kupokea

Kadi za Visa na Mastercard zinahitajika, pamoja na Google Pay na Apple Pay, ambayo ilifika Polandi mwaka 2018. Hakuna la ajabu hapa zaidi ya uthibitisho wa mteja unaotakiwa na sheria za malipo za Umoja wa Ulaya.

Lipa baadaye ina nafasi kwenye nguo, viatu na samani, ambako watu huagiza saizi mbili na kurudisha moja. PayPo, ya Polandi yenyewe, humpa mteja siku 30 bila gharama na humlipa muuzaji mara moja, ikibeba yenyewe hatari ya mteja asiyelipa. BLIK nayo ina lipa baadaye kupitia benki zinazoitoa. Kwa duka la vitu vya bei ndogo, nembo hizi zinajaza ukurasa bure.

Kulipa wakati wa kupokea, kwa Kipolandi „za pobraniem”, bado kuna watu wake, hasa wanaonunua kwa duka wasilolijua. Kwa duka geni ni njia ya kununua imani, lakini kifurushi kisichochukuliwa hurudi kwa gharama yako. Njia hii iwekee kikomo cha thamani, na iache nje kwa bidhaa zinazotengenezwa kwa maelezo ya mteja.

Nani akuunganishie

Mteja haoni tofauti kubwa kati ya kampuni za malipo. Muuzaji ndiye anayeiona. PayU na Przelewy24, zote zenye makao Poznań, zina BLIK, benki karibu zote, kadi na malipo ya awamu chini ya mkataba mmoja, na zina programu-jalizi za WooCommerce na PrestaShop, mifumo ya kuendeshea maduka ya mtandaoni. Tpay, ya Poznań pia, na Autopay ya Sopot ziko kwenye kundi hilohilo. Kwa anayeuza sana Polandi, kampuni ya huko ni chaguo bora: orodha ya benki imekamilika na maswali ya wateja yanajibiwa kwa Kipolandi.

Anayetumia Stripe, kampuni ya malipo ya kimataifa, tayari kwa nchi nyingine anaweza kuwasha BLIK na Przelewy24 humohumo bila mkataba mpya. BLIK huko ni ya zloti peke yake. Przelewy24 hupokea zloti na euro. Kwa duka linalojaribu soko, hiyo inatosha kabisa.

Bei usiisome kwa asilimia tu. Tuseme kuna ada ya asilimia pamoja na groszy 30 (groszy 100 ni zloti moja) kwa kila muamala. Kwenye agizo la zloti 400 hizo groszy ni asilimia 0.075, huzihisi. Kwenye agizo la zloti 40 ni asilimia 0.75, na huenda zikazidi nusu ya ada ya asilimia yenyewe. Uliza pia mambo matatu ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa: je, ada inarudi ukimrejeshea mteja fedha, kuna gharama kwa kila malipo wanayokutumia benki, na nani anabadilisha zloti kuwa sarafu yako na kwa kiwango kipi.

Usajili hukwama mara nyingi kwa sababu ya tovuti kuliko hati za kampuni. Mkaguzi hufungua duka na kutafuta kanuni za mauzo, yaani „regulamin”, jina kamili la muuzaji na anwani yake, sera ya kurudisha bidhaa, na njia za malipo na usafirishaji. Kikikosekana kimoja, ombi linarudi. Yaandike kwa Kipolandi safi kabla ya kuomba akaunti.

Agizo limelipwa lini hasa?

Hapa ndipo miunganisho mingi inapovunjika, na ni vibaya kwa sababu makosa yake hayaonekani siku ya majaribio. Kurudi kwa mteja kwenye ukurasa wa shukrani si ushahidi wa malipo. Kwa Przelewy24, mteja hurudishwa kwenye anwani ileile awe amelipa au hajalipa. Na aliyelipa kweli anaweza asirudi kabisa: amefunga kivinjari mara tu benki ilipomwambia tayari.

Kinachohesabika ni arifa inayotoka kwenye seva ya kampuni ya malipo kwenda kwenye seva yako. Ipokee, hakiki saini yake (alama ya kidijitali inayothibitisha nani ameituma), linganisha kiasi na sarafu na agizo lako, kisha badili hali ya agizo. PayU hutuma hali kama PENDING (inasubiri), COMPLETED (imekamilika) na CANCELED (imefutwa), na ni COMPLETED peke yake inayoruhusu kufungasha mzigo. Arifa moja inaweza kuja zaidi ya mara moja, kwa hiyo kuipokea mara ya pili kusitume barua pepe ya pili wala kupunguza ghala tena.

Przelewy24 ina hatua ya ziada ambayo ni lazima. Baada ya arifa, seva yako inatakiwa kutuma ombi la kuhakiki muamala, likiwa na saini ya SHA-384, aina mojawapo ya saini hizo za kidijitali. Usipolituma, fedha ya mteja imetoka kwenye akaunti yake lakini muamala haujakamilika, na haiingii kwenye salio lako. Dalili yake inajulikana: wateja wanaonyesha uthibitisho wa benki, duka linasema agizo halijalipwa, na wote wawili wanasema kweli. Ukiona hivyo, anza kukagua hatua hii kabla ya kulaumu benki.

Kiasi hutumwa kwa groszy, si zloti: 19,99 zł ni 1999. Ukizidisha kwa mia namba yenye desimali, kompyuta inaweza kukupa 1998.999 na kukata mkia, nawe ukapungukiwa groszy moja, na saini ikakataa. Hifadhi bei kama namba nzima ya groszy tangu mwanzo.

Malipo mara mbili nayo yapo. Mteja anachelewa kuthibitisha BLIK, anakata tamaa, analipa kwa kiungo cha benki, halafu jaribio la kwanza linakubaliwa. Funga jaribio la zamani kabla ya kufungua jipya, weka muda wa mwisho wa muamala, na ukipokea malipo ya pili kwa agizo lililolipwa, yarejeshe siku hiyohiyo bila kungoja malalamiko.

Kurejesha fedha, na maneno ya sheria

Mnunuzi wa mtandaoni Polandi ana siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu. Muuzaji naye ana siku 14 tangu apokee taarifa hiyo kurejesha bei pamoja na gharama ya njia ya bei nafuu zaidi ya usafirishaji aliyoitoa, kwa njia ileile mteja aliyolipia, isipokuwa mteja amekubali nyingine. Anaweza kuzuia fedha hadi bidhaa irudi au apate uthibitisho wa kutumwa kwake.

BLIK na kiungo cha benki zote zinaruhusu kurejesha sehemu au kiasi chote kupitia kampuni ya malipo, na fedha hurudi kwenye akaunti iliyolipa. Shida ni salio. Marejesho hukatwa kwenye fedha iliyopo kwenye akaunti yako ya kampuni ya malipo, na duka lililopanga kulipwa salio lote kila siku huamka na sifuri. Marejesho hukwama, siku 14 zinasonga. Acha akiba inayolingana na marejesho ya siku mbili tatu, au panga malipo ya kila wiki.

Kitufe cha mwisho kina sheria yake. Lazima kiseme wazi kwamba kuagiza ni kukubali kulipa, sheria inataja „zamówienie z obowiązkiem zapłaty”, yaani agizo lenye wajibu wa kulipa, au maneno yenye maana sawa, na „Kupuję i płacę”, yaani nanunua na kulipa, yamezoeleka. Kitufe kinachosema „Dalej”, yaani endelea, kikitumika kama cha mwisho, mkataba hauhesabiki kuwa umefungwa. Ni neno moja tu kwenye tafsiri, lakini ndilo linaloamua.

Bei ziwe kwa zloti tangu ukurasa wa bidhaa, na ziandikwe kama zinavyoandikwa kule: 1 299,00 zł, mkato kabla ya groszy, alama nyuma ya namba. Mteja akiona euro hadi hatua ya mwisho ndipo zloti itokee, atahisi ameongezewa kitu. Fomu ikubali ł, ż na ą kwenye majina, na namba ya posta ya muundo wa 00-000 bila kudai tarakimu tano mfululizo.

Kabla ya kufungua milango, mtafute mtu mwenye akaunti ya benki ya Polandi afanye manunuzi halisi ya kiasi kidogo kwa simu yake. Alipe mara moja vizuri kwa BLIK. Aache msimbo ufe. Akatae kwenye simu. Alipe kwa benki kisha afunge kivinjari kabla ya kurudi. Mwisho arejeshewe nusu ya fedha. Tazama upande wako hali ya agizo katika kila jaribio, na usome kwa macho yake kila ujumbe aliouona.